Mkono wa Vettor

Jana nilikwenda mtaa wa maduka wa Merceria kununua sindano. Mbele ya meza ya muuza vitabu nikamkuta kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo cha Padova na joho lake, amefungua kijitabu kidogo anamwonyesha mwenzake. "Ona mlazo huu," anamwambia, "ona zinavyokimbia ukurasani. Hizi ndizo herufi za Polidoro."

Herufi za Polidoro! Haki ya Mungu, damu ilinipanda mpaka masikioni. Polidoro Bonfante, mtu ambaye hakuweza kuchonga kalamu bila kujikata kidole! Nilitaka nimnyang'anye yule kijana kitabu nimpige nacho utosini. Sikumpiga. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili akipiga kelele sokoni, wataitwa mapadri waje wamwombee. Nilinunua sindano zangu nikarudi nyumbani. Basi leo mtanisikiliza, mpende msipende.

Baba yangu, Vettor, alikuwa mwandishi wa vitabu hapa hapa Venezia, mtaa wa San Polo. Kazi yake ilikuwa kunakili: bwana mkubwa analeta kitabu, baba anamwandikia kingine kama hicho, kwa kalamu ya unyoya na wino mweusi, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa hodari, sitaki kumnyima chake. Mkono wake ulijulikana kuanzia Treviso mpaka Padova. Lakini mwaka aliokufa mama, mkono ule ulianza kutetemeka. Kwanza asubuhi tu, halafu mchana pia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikaanza kwa kumpigia mistari, nikaja kumalizia kurasa, na nilipotimiza kumi na sita nilikuwa naandika vitabu vizima.

Mteja akija, baba yuko mbele amekaa kitini, vidole vimechafuka wino. Alikuwa akivichovya makusudi, nilimwona kwa macho yangu. Mimi niko nyuma ya pazia na kazi. Na kitabu kikiisha, mwishoni kabisa naandika: *Kwa mkono wa Vettor*. Miaka tisa niliandika uongo huo, na niliuandika kwa herufi nzuri. Sikulalamika. Ndivyo karakana zote zilivyo, kazi ni ya mwenye karakana. Nilikuwa nala chakula chake, nalala chini ya paa lake.

Lakini mkono haukuwa wake, hata kidogo. Yeye aliandika kizamani, herufi pana, wima, kama waumini wanaosubiri komunyo. Mimi niliandika ndogo, nyembamba, zimeinamia kulia, kwa sababu dirisha la nyuma lilikuwa dogo na mwanga ulikuwa unakwisha mapema, sikuwa na nafasi ya kuinuainua kalamu. Zamani alikuwa akinigombeza. "Nani anazifukuza hizi? Mbona zinakimbia?" Na herufi yangu h ndiyo iliyomtia wazimu. Mguu wake wa pili haukusimama chini kama h za watu, ulijikunja ndani. "H hiyo imelala kama mbwa, isimamishe!" na rula inanishukia vidoleni. Vidole viliuma, h ikaendelea kujikunja.

Halafu wateja wakaanza kusifu. "Vettor kapata ujana mpya!" Basi rula ikanyamaza. Kusifiwa mimi? Ng'o. Hata siku moja.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitano, Polidoro akaja. Mpiga chapa, mtu wa joho la mahameli na manukato ya kumtangulia mlangoni. Akakaa, akamiminiwa divai, akaanza.

"Maestro Vettor, dunia imechoka na vitabu vya kubebwa na punda. Mimi nataka kitabu kidogo, mtu akitie ndani ya mkono wa joho, akisome kwenye mashua ya gondola. Lakini herufi zetu za wima zinakula karatasi. Nataka nyembamba, za mlazo, kama hizi zako. Niandikie karatasi moja, herufi zote, na ukurasa mmoja wa mashairi ya Kilatini. Fundi wangu atazichonga kwenye chuma."

"Herufi hizi hazikuja kwa siku moja, bwana," baba akasema.

Mimi nyuma ya pazia nikauma ulimi.

"Najua, najua! Ndiyo maana mwishoni mwa kila kitabu nitatia mstari." Akaweka mkono kifuani, kama yuko kanisani. "*Herufi hizi zimetoka kwenye mkono wa Vettor, mwandishi wa San Polo.* Mimi na wewe tutakufa, Maestro. Mstari utabaki."

Alipotoka tu, nikatoka na mimi.

"Baba, hiyo karatasi nitaandika mimi."

"Sasa nani mwingine?"

"Basi katika mstari huo nitie na mimi. Mkono wa Vettor na binti yake Perina. Sitaki nguo, sitaki pete, sitaki kitu kingine."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina moto. "Mwanangu, Polidoro akijua anafuata mkono wa msichana atakimbia kama kaona ukoma. Acha chapa itoke kwanza. Ikitoka, ikapendwa, nitamwambia mwenyewe. Nakuapia kwa kaburi la mama yako."

Kwa kaburi la mama yangu! Na mimi nikaamini, mtu mzima, si mtoto. Nikaandika ile karatasi siku nne. Sijawahi kuandika vizuri namna ile, kabla wala baada.

Fundi wa Polidoro alikuwa Tadio, mtu wa Udine, zamani mfua dhahabu, kikohozi kingi maneno machache. Kazi yake si ya mchezo. Anachukua kijiti cha chuma, anakipiga tupa kichwani mpaka herufi inasimama pale, imegeuzwa, ndogo kuliko punje ya mtama. Kisha anakigongelea kwenye shaba, na humo ndani ya shaba humiminwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, zikatoka herufi elfu zinazofanana. Lakini kabla ya kugonga, anakishika chuma juu ya mshumaa kipate masizi, anakibonyeza kwenye karatasi, aione sura yake. Alikuwa akileta karatasi hizo za masizi kwa baba azikague.

"Nzuri," baba anasema. "Hii nzuri. Hii nayo nzuri."

"Zote nzuri?" Tadio akauliza. "Maestro, mimi mwenyewe ipo moja inanikera, ila sijui ina nini."

"Zote nzuri, fundi."

Nikachungulia penye upenyo wa pazia, nikaiona, na maneno yakanitoka. "Ni g! Umeikaba koo! Hapo kati ya tumbo la juu na la chini acha ipumue!"

Baba akajitia kukohoa. Tadio akainuka, akavuta pazia, akanikuta na wino mpaka kwenye kiwiko na ukurasa nusu mbele yangu, haujakauka. Akautazama ukurasa, akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Ahaa," akasema. Akavuta kigoda akakaa na mimi. "Na f je, binti? Mkia wake unatokeza nje ya risasi. Ukiguswa unavunjika."

"Mkia usiuguse. Chonga f pamoja na jirani yake."

"Herufi mbili kwenye chuma kimoja?"

"Mimi ndivyo ninavyoandika, siinui kalamu. Hicho chuma chako kina kiburi gani?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, baba akamletea maji huku amenuna.

Miezi saba alikuja. Kila herufi tuliigombania. Vile vijiguu vidogo vya kuingilia na kutokea, ambavyo herufi ya mlazo huvitumia kumshika mwenzake, alivichonga mara tatu mpaka nikaridhika. Herufi kubwa nilimwambia aziache wima na fupi, kwa kuwa ndivyo nilivyoziandika. Siku ya h aliniuliza kwa hadhari, "Hii inajikunja. Niinyooshe?" Nikamwambia, "Thubutu!" Akaiacha. Sijapata kuwa na furaha kama miezi ile, na nasema wazi, mtu aliniuliza jambo akangoja jibu.

Kitabu kikatoka baada ya Pasaka. Kizuri, sitaki kusema uongo. Nikafungua ukurasa wa mwisho kwanza. Mstari hakuna. Nikarudi wa kwanza. *Herufi hizi mpya zimebuniwa kwa akili ya Polidoro Bonfante.* Kwa akili!

"Baba, mstari uko wapi?"

"Labda toleo la pili."

"Labda!"

Haikupita wiki, mpiga mbiu akasimama sokoni Rialto. Polidoro anaiomba Jamhuri hati: kwa miaka kumi, katika nchi zote za Venezia, asiwepo mtu wa kuchonga, kupiga chapa wala kuandika kwa kuuza herufi za mlazo za namna ile. Mwenye pingamizi afike kwa waheshimiwa waamuzi ndani ya siku nane. Mmesikia lakini? Wala kuandika! Nikatazwe mkono wangu mwenyewe! Na siku hiyohiyo akaja mtawa kuchukua kitabu chake cha zaburi, akafungua, akapinda mdomo. "Hata wewe, Maestro? Mtu wa sifa zako unaiga chapa za Polidoro?"

Kuiga! Ukiona vyaelea, vimeundwa, ndivyo wasemavyo watu. Sasa mimi niliyeunda naambiwa nimeiba mbao. Nilitoka nyuma ya pazia kama niliyechomwa, baba akaniwahi kwa kunisukuma jikoni. Mtawa alipoondoka nikamwambia, "Twende kwa waheshimiwa. Leo."

"Kule watanipa kalamu, Perina."

Hapo ndipo penye shida. Mbele ya meza ya waheshimiwa fundi hadai kwa maneno matupu. Mshona viatu hushona, mwandishi huandika, mwenye kudai kazi aionyeshe kazi. Ni desturi, na ni desturi nzuri, haina ubaya.

"Wakikupa kalamu nitaishika mimi," nikasema. "Utasema ukweli, nami nitauonyesha. Si uliapa? Chapa imetoka, imependwa. Umebaki wewe."

Siku sita hakunijibu. Ya saba akavaa koti lake zuri.

Mkubwa wa meza alikuwa Mheshimiwa Lunardo, mzee wa nyumba kubwa, ana mafua, kila saa leso puani. Polidoro alikuwa amekwisha fika, Tadio nyuma yake anatazama sakafu. Baba akaapishwa juu ya Injili. Kisha wakampa kalamu.

"Onyesha, Vettor."

Akaandika. Jamani, sitaki kueleza. Wino ulidondoka, mstari ukapanda ukashuka, neno la tatu halikusomeka.

"Waheshimiwa," Polidoro akasema, "kama ni mkono huu nilioiba, naomba ruhusa niurudishe haraka."

Wakacheka. Wazee wazima, wenye makoti ya manyoya, wakacheka mpaka wakashika matumbo. Baba akainamisha kichwa. Nilimwonea uchungu, kwa sababu alikuwa baba yangu, na hawakuwa na haki ya kumcheka.

Nikajitokeza. "Mheshimiwa, nipe mimi."

"Wewe nani?"

"Perina, binti yake."

"Hapa si jikoni, binti," mmoja akanitupia.

"Naona. Jikoni watu hawaibiani hivi."

Nikachukua kalamu kabla hawajakasirika, nikaandika pingamizi letu lote, mistari minane, bila kuinua mkono. Hakuna aliyecheka. Lunardo akaweka karatasi yangu kando ya kitabu cha Polidoro, akaangalia huku, akaangalia huku.

"Zinafanana."

"Kitabu changu kimetoka tangu Pasaka, Mheshimiwa," Polidoro akasema. "Kwa muda huo hata nyani angejifunza kuiga."

"Basi nyani huyo ndiye akuandikie toleo la pili!" nikamrudishia.

"Nyamazeni wote wawili," Lunardo akasema. "Fundi Tadio. Ulichonga kwa kufuata nini?"

"Karatasi niliyopewa, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na Bwana Polidoro."

Hakunitazama. Miezi saba juu ya kigoda changu, na hakunitazama! Hakusema uongo hata neno moja, mwoga yule, na ukweli hakusema hata robo. Najua alikuwa na watoto wanne. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa na watoto wanne na mwajiri mmoja. Lakini sijamsamehe.

Nikasema, "Mheshimiwa, tazama h. Katika mji huu wote nani anaikunja h namna hiyo? Tafuteni kitabu chochote kilichotoka kwetu kabla Polidoro hajaijua njia ya mlango wetu."

Lunardo akashusha leso. "Ninacho kimoja nyumbani. Nilikinunua kwa Vettor miaka mitano iliyopita."

Akatumwa mtumishi. Tukangoja. Kitabu kilipofika kikafunguliwa, na h zangu zote zilikuwamo, zimejikunja, kurasa mia mbili. Polidoro akawa mweupe kama jibini. Nilishinda, mnanielewa? Pale, dakika ile, nilikuwa nimeshinda.

Lakini Lunardo hakunigeukia mimi. Alimgeukia baba. "Vettor, umeapa. Kitabu hiki ni kazi ya mkono wako?"

Kilichohitajika ni sentensi moja: hapana, ni ya binti yangu. Basi! Baba akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, sema, Baba, sema sasa.

"Ni yangu, Mheshimiwa," akasema. "Enzi mkono wangu ulipokuwa mzima."

"Na h hii?"

"Hiyo ni alama yangu, kila mtu anaijua. Binti nimemfundisha mimi, herufi kwa herufi. Alikuwa mzito, lakini amejitahidi."

Mzito! H aliyonipigia rula mpaka kucha zikawa nyeusi, leo alama yake!

"Baba!" nikapiga kelele. "Mheshimiwa, si kweli, ule mkono ni..."

"Binti." Lunardo alisema kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko kicheko chao. "Baba yako ameapa juu ya Injili. Mwenye kuapa uongo hapa hukatwa mkono wa kulia. Fikiri kwanza, halafu maliza ulilotaka kusema."

Sikumaliza. Nyinyi mngemaliza? Nilifunga mdomo ili mkono ule ubaki mahali pake, mkono usiofaa hata kushika kijiko. Na yeye alijua nitafunga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho: alijua.

Lunardo akatoa uamuzi. Polidoro apewe hati ya kupiga chapa. Waandishi wa mkono wasiguswe. Na kila kitabu kitie mstari wa Vettor kama ilivyoahidiwa. "Maneno hayo yaletwe hapa yakiwa yameandikwa kwa herufi zilezile, tuyahifadhi pamoja na hati. Binti ataandika, baba atatia jina lake. Siku tatu, kabla ya kengele ya adhuhuri. Yasipofika, hati itapita bila mstari."

Huko nyumbani mtaa mzima ulijaa mlangoni. Wameleta divai, wameleta samaki wa siki na vitunguu, wanamkumbatia baba. "Vettor, umempiga Polidoro!" Shangazi Zanetta analia kwa furaha. Baba anacheka, sikuwa nimemwona akicheka tangu mama afe. Wote walipokwisha toka nikafunga mlango.

"Uliapa kwa kaburi la mama."

"Perina, ningesema nini? Miaka tisa ya vitabu, vyote vina jina langu. Wangenirudishia kimoja kimoja, wananitemea mate."

"Ungesema kweli."

"Kweli!" Akakaa chini. "Wewe utaolewa, utachukua jina la mume, utazaa, wataitwa wana wa Perina. Mimi sina kingine. Nina jina hili tu."

"Na mimi nina nini, Baba?"

"Una mkono," akasema. "Mimi sina."

Nilikaribia kumwonea huruma. Nilikaribia. Halafu akavuta karatasi, akaniwekea mbele, akasema kama siku zote, "Haya, andika: *Herufi hizi zimetoka kwenye mkono wa Vettor.*"

Nikaandika: *Herufi hizi zimetoka kwenye mkono wa Vettor na Perina binti yake.* Akasoma, akaichana.

"Nimekwisha apa! Unataka wanikate?"

"Sema nilikusaidia. Sema tuliandika wote. Hujaapa kwamba hukusaidiwa."

"Ni neno moja tu, mwanangu, liache."

"Kama ni neno moja tu, liache wewe."

Siku ya pili hivyohivyo. Shangazi akaja akapiga magoti mbele yangu. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akinilaumu kwamba nilimnyima baba heshima kwa sababu ya kiburi. Kiburi! Mtu akidai kilicho chake, hasa akiwa kavaa sketi, jina lake ni kiburi. Akikiiba aliyevaa mahameli, hiyo ni akili.

Siku ya tatu asubuhi baba alikaa mezani, karatasi mbele yake. Nilikuwa nafagia.

"Perina, adhuhuri inakaribia."

Nikaweka ufagio. Nikachonga unyoya mpya, mzuri kabisa, nikauchovya wino, nikamtia kalamu katikati ya vidole vyake na kumfungia vidole juu yake.

"Jina ni lako, Baba. Liandike."

"Unajua siwezi."

"Najua. Kwa miaka tisa mimi ndiye pekee niliyejua."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, hakunitukana, hakunibembeleza tena. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akainama. Akaanza na jina, labda kwa kuogopa kwamba maneno mengine yatammaliza kabla hajalifikia. V ilimchukua muda mrefu. Wino ukadondoka, akaufuta kwa mkono wa shati, V nusu ikafutika nayo, akairudia. Jasho lilimtiririka. E ikatoka imelala, si kwa mlazo, kwa kuanguka. Angeniita wakati wowote. Angesema tu, na Perina, na Perina, nami ningeruka mezani, ningeandika ukurasa mzima kabla hajameza mate.

Kengele ya adhuhuri ilipoanza kulia alikuwa kwenye t ya kwanza. Hakuinua kichwa, aliendelea kuandika. Mimi nilisimama mlangoni na mikono yangu mizima, sikumsaidia.